Makalio Hayana Kabila

Jina lake silitaji. Si kwamba namstahi. Wajukuu zake ni majirani zangu mpaka leo, tunateka maji bomba moja, na mimi sina nguvu tena za kugombana nina ndoo kichwani. Nitamwita alivyoitwa na Mlandege nzima: Mshenga. Washenga wengine walikuwepo hapa Iringa miaka ile ya hamsini, lakini ukisema Mshenga bila kuongeza neno, hata mtoto alijua umemsema nani. Ni yule mzee wa kanzu na koti jeusi, kofia imekaa upande, ambaye mkiongea hakutazami usoni. Alikutazama kuanzia kiunoni kushuka chini.

Maana kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, haikuwa kupeleka posa. Posa hata punda angeifikisha. Kazi yake ilikuwa kusoma watu, na watu aliwasoma kwa namna wanavyokaa. "Ulimi umesomeshwa," alikuwa akisema, "macho nayo yamefundishwa adabu na mama. Lakini makalio hayajapelekwa shule yoyote. Hayo ndiyo yanasema kweli." Akishasema hivyo hunyamaza kidogo ili watu watikise vichwa. Na watu walitikisa, Mungu awasamehe. Mimi ni mmoja wa waliosomwa. Alinisoma mara moja tu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akaniharibia kwa baba mkwe wangu mpaka yule mzee anaingia kaburini. Kwa hiyo msitarajie nimsifu. Nitajitahidi kusema haki, lakini sijitahidi sana.

Tuanze na sebule yake. Kijana akitaka kuoa, wazazi wake walimpeleka kwanza kwa Mshenga akatazamwe. Pale sebuleni palikuwa na vitu vitatu vya kukalia: kiti cha mbao chenye mgongo, kigoda kifupi, na mkeka. Mshenga alimkaribisha kijana kwa maneno matamu, halafu akajifanya anatafuta tasbihi yake, huku jicho moja liko pale. Kijana akikaa kwenye kiti, basi ana makuu, atamtuma mkewe kama mtumwa. Akikaa kwenye kigoda, ni mchoyo, mtu aliyezoea kukaa karibu na chungu ili ahesabu vipande vya nyama. Akikaa mkekani, huyo ni mnafiki, unyenyekevu wake ni wa kununulia mke, akishampata utaisha.

"Sasa bwana, mtu akae wapi?" Mama mkwe wangu alimwuliza hivyo siku moja. Mama mkwe alikuwa Mhehe wa Kihesa, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, asiyeogopa mtu.

"Asubiri kukaribishwa."

"Si umemkaribisha?"

"Asubiri kuonyeshwa."

Basi habari zikaenea, na kijana mmoja fundi cherehani akaenda pale akasimama katikati ya sebule kama mlingoti, anangoja kuonyeshwa. Mshenga akamwacha asimame mpaka miguu ikaanza kumtetemeka. Jioni akawaambia wazazi wake: "Kijana wenu hana maamuzi. Nyumba ikiungua atangoja aambiwe atoke." Yule fundi alioa mwanamke mwingine, Dodoma huko, bila mshenga, na nasikia wakazaa watoto wengi tu.

Alikuwa na semi zake. Anayekunja miguu chini ya kiti ana deni. Anayetandaza miguu mbele hana deni lakini atakuwa nalo. Anayekumbatia magoti amefiwa au anataka kufiwa. Anayekaa huku ameshika kiti kwa mikono yote miwili, huyo usimwulize kitu, ameshajibu. Ameshajibu nini? Hakusema. Ukimwuliza alikutazama kwa huruma, kana kwamba anajua yeye na inamtosha. Wanaume wazima, wenye maduka na wake na akili zao timamu, walikuwa wakifika mbele yake wanakaa kama wako kwa daktari, mgongo wima, magoti pamoja, jasho linawatoka na baridi ya Iringa ile. Na yeye anawaambia, "Kaeni tu kama mlivyo." Nani atakaa kama alivyo mbele ya mtu wa namna hiyo?

Lakini nimesema nitasema haki. Mara moja alipatia, na watu waliishi na ile mara moja miaka mingi. Alikuja karani wa bohari kumposa binti wa muuza kofia. Kijana amevaa viatu vyeusi vinang'aa kweli. Amekaa vizuri, anaongea vizuri, muuza kofia ameshafurahi. Mshenga akamnong'oneza: "Viatu si vyake. Tazama anavyovikalia. Vidole vyake vinavikimbia." Hawajamaliza chai, mlangoni akaja mtu pekupeku, akasema hodi kwa adabu, akaomba viatu vyake kwa kuwa anasafiri. Hapo ndipo jina la Mshenga lilipopaa. Bahati ya mtende ile, lakini nani aliyejali? Tangu siku hiyo alichosema Mshenga kikawa kimesemwa.

Na alipokosea hakukosea. Siku moja Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, aliitisha baraza uwanjani ili watu waelezwe habari za kuogesha ng'ombe. Yule Mzungu alikalia kile kiti chake cha kukunja kwa upande mmoja tu, upande wa pili uko hewani. Mshenga akawaambia waliokuwa karibu yake: "Huyu hakai. Amekaa kama mtu anayeondoka. Mwezi ujao hamumwoni." Bwana Shauri alikaa Iringa mpaka tukamzoea, mpaka akajua kusalimu "kamwene" kama watu wa Kihesa, na ng'ombe wote wakaogeshwa mara nyingi. Watu wakamtania Mshenga. Akavumilia. Miaka ikapita, Uhuru ukaja, Wazungu wakafunga mizigo, na Mshenga akatoka kibarazani kwake kifua mbele: "Si nilisema?" Kwa hesabu yake, Uhuru wa nchi hii aliuona yeye mapema, kwenye kalio moja la Mzungu.

Wahenga walisema nyani haoni kundule, na sijui kama walimwona Mshenga wakati wanasema. Alikuwa na mke wa pili, mwanamke wa Kisangu mrefu, mpole. Yule mama alikuwa akikaa kizingitini mwa mlango wa uani unaotokea barabarani, siku zote hapo, kanga imefungwa imara kiunoni, makubazi yako miguuni hata kama yuko kwake. Ukipita unamsalimu anaitikia huku anatazama barabara. Hatukuhitaji kusoma kitu. Kila mwanamke wa Mlandege alijua yule anangoja gari. Mshenga peke yake ndiye aliyewaambia wageni, "Mke wangu ana haya, hapendi kuingia ndani wanaume wakiwepo." Mwisho akapanda basi la Mbeya, mchana kweupe, na mume yuko Kihesa kwenye posa ya watu, anaeleza namna ya kumtambua mwanamke atakayetulia. Aliporudi akakuta mlango wazi na kuku wako jikoni. Akasema amerogewa mke.

Na yeye mwenyewe alikaaje? Alikaa ameegemea kushoto. Kila mahali: msikitini, harusini, kwenye bao. Alituambia huo ni ukaaji wa watu wa zamani wenye heshima zao, kwamba babu zake waliokuja na misafara kutoka pwani walikaa hivyo. Vijana wengine wakaanza kumwiga, utawakuta wamepinda kibarazani safu nzima. Dresa wa zahanati, aliyekuwa mume wa shoga yangu, alijua habari kamili ya ile heshima. Ilikuwa bawasiri, na ilihitaji maji ya moto asubuhi na jioni. Tulicheka mpaka tukajishika mbavu, lakini hatukumwambia mtu. Naam, sasa nimesema.

Sasa habari yangu.

Mimi ni Mnyakyusa. Baba yangu alihamia Mbeya mjini, akawa fundi viatu, akasilimu, akajifunza kuvaa kanzu na kusema "inshallah" kila baada ya maneno matatu. Baba alisilimu. Mila za mama hazikusilimu. Na katika mila zile hakuna kubwa kuliko hii: mwanamke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hapiti anapopita, jina lake halitamki. Akisikia anakuja, anajificha, na asipopata pa kujificha anageuza uso na kujifunika. Sisi tumelelewa tukiwaona mama zetu wanaruka migombani kwa sababu mzee fulani amekohoa njiani. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mwanamke anayemkodolea macho baba mkwe ni kama amemvua nguo.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, anabeba mchele wa Ubaruku kupeleka Iringa na Mbeya. Tulionana, tukapendana, hayo hayawahusu. Akawaleta wazee wake Mbeya waje kuposa, ndani ya lori hilo hilo: baba yake mbele, na Mshenga mbele, na yeye anaendesha. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Mlandege, mtu wa asili ya pwani, na Mshenga alikuwa rafiki yake wa tangu ujana. Kila jioni walicheza bao pamoja. Baba mkwe wangu hakununua hata mbuzi bila kumwita Mshenga aje atazame mbuzi anavyolala.

Wageni walipoingia sebuleni, mama alinivuta mkono hadi nyuma ya jiko. "Yule mwenye tarabushi ndiye. Sauti nzito. Ukimtia machoni umeuaibisha ukoo mzima."

"Nitakaa huku huku, mama."

Hajamaliza kuniitikia, baba akaita kwa sauti yake ya kimjini: "Binti! Njoo usalimie wageni!"

Mama akasema, "Usiende." Baba akasema, "Binti, husikii?" Mimi nifanyeje? Nikajifunika kanga kichwani, nikaingia kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume, mnacheka nini? Niligonga kiti cha mtu, nikapapasa, nikafika pembeni, nikakaa chini uso wangu ukutani na mgongo wangu kwa wageni wote. Nikauambia ukuta, "Shikamooni."

Halafu sauti nzito ikasema, "Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu mwema. Nilifurahi kuisikia. Nikasema moyoni, baba mkwe wangu ni mtu mwema, na nikaukaribia ukuta zaidi ili ajue nimemheshimu sana.

Baba yangu akacheka. "Msishangae, ni mambo ya mama yake hayo. Wanyakyusa wana mambo."

Na sauti nyingine, nyembamba, ikajibu: "Tumeona, bwana. Tumeona."

Hawakuuliza. Wangeuliza hapo hapo, mama alikuwa nyuma ya mlango tu, angewaeleza mpaka wachoke. Lakini Mshenga alikuwa ameshapata alichokuja kutafuta, na mgongo wangu wote ulikuwa mbele yake.

Mengine alinisimulia mume wangu. Walipita Ubaruku kupakia mchele, na pale juu ya magunia Mshenga akatoa hukumu. "Nimewasoma wengi," alisema, "lakini huyu hakunipa taabu. Mtu anayekupa mgongo siku ya kwanza ameshakupa habari zake zote. Huyo hakai. Na akikaa, atakaa kwa kukudharau wewe, bwana, wewe mwenyewe."

Mume wangu akamwambia, "Ni mila yao, mzee wangu. Wanamheshimu baba mkwe hivyo."

"Mila!" Mshenga akacheka. "Kijana, lugha ina kabila. Chakula kina kabila. Makalio hayana kabila."

Baba mkwe alifikiri njia nzima. Walipofika Iringa alimwambia mwanawe: "Posa tumeshapeleka, na mimi si mtu wa kurudi nyuma. Oa. Lakini uani kwa yule mwanamke sitii mguu." Na hakutia.

Tulipewa nyumba iliyopakana na yake, katikati ua wa matete. Upande huu mimi, upande ule yeye. Nilimjua kwa kikohozi, kwa makubazi yake, kwa namna alivyosema bismillahi kabla ya kunywa maji. Akikohoa tu mimi nishaingia ndani. Akitokea bombani ghafla, ninaacha ndoo inafurika, najitupa nyuma ya kibanda cha kuku. Siku nyingine alinikuta njiani na hapakuwa na pa kuingia, nikaingia dukani kwa Mhindi, nikajificha nyuma ya majora ya vitambaa, Mhindi mwenyewe akadhani naiba. Na kila nilipojificha, Mshenga jioni kwenye bao alimwambia, "Si unaona?" Kadiri nilivyomheshimu ndivyo nilivyomtukana. Nililia kwa ajili hiyo. Msidhani kwa kuwa nacheka leo basi sikulia.

Mama mkwe ndiye aliyeniokoa na njaa ya moyo. Yeye alielewa tangu siku ya kwanza. "Hata kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe," aliniambia. "Huyu mzee wangu alipokuja kunioa Kihesa, alimkabili mama yangu uso kwa uso akampa mkono. Mama akakimbia na unga mikononi. Mpaka leo mzee anasema mama yangu alikuwa na wazimu." Alimweleza mumewe mara nyingi. Naye kila mara akaenda kumwuliza rafiki yake, na kila mara akarudi na jibu lile lile la makalio na kabila.

Chakula changu hakukila, kama alijua ni changu. Kwa hiyo mama mkwe akawa anakipitisha juu ya ua, anakipakua upya kwenye sahani zake. Nami nakaa upande wangu wa matete nasikiliza. "Leo umepika," namsikia anasema. "Leo ndizi hizi zimeiva na nazi vizuri." Mama mkwe anajibu, "Kula tu." Nilizaa mtoto wa kwanza, akapitishwa naye juu ya ua, maana babu hawezi kuja kwangu. Nikamsikia babu anamwimbia. Ana sauti nzito, hajui wimbo wowote mpaka mwisho.

Mshenga wakati huo alikuwa anapita kwangu, yeye hakuwa mkwe wangu, sikuwa na haja ya kumkimbia. Na hapa ndipo mtu yule anaponishinda. Hakuwa mbaya. Mtoto wangu aliposhikwa na degedege na mume yuko safari, ni Mshenga aliyembeba mbio mpaka kwa dresa, na bawasiri yake ile. Kuna binti yatima mwenye jicho moja ambaye hakuna aliyemtaka. Mshenga alimzungukia mwaka mzima mpaka akampatia mume mwema. Harusini alilia kuliko mama wa bibi harusi. Nilimpa chai, akanywa, akanisifia chai. Nilimwambia siku hiyo, "Mzee wangu, mwambie rafiki yako simdharau." Akaniangalia ninavyokaa. Nilikuwa nimechuchumaa, napepea moto. Akasema, "Mwanangu, unaniambia hivyo umekaa mguu wa kuondoka."

Nimechuchumaa jikoni, jamani! Nikae vipi mbele ya moto?

Halafu baba mkwe akaumwa. Kifua kilimkaba, akawa hatoki, kikohozi nilichokuwa nakikimbia sasa nilikisikiliza kutwa nzima na ninaomba kisikatike. Mama mkwe akaja kwangu asubuhi moja, akakaa kwenye kinu.

"Mzee anauliza," akasema. "Anasema: kamwulize yule mwanamke, nimemkosea nini?"

Nikamwambia: "Mama, mwambie hajanikosea kitu. Mwambie hapa duniani hakuna mtu ninayemheshimu kumzidi yeye, na ndiyo maana sijawahi kuuona uso wake. Mwambie zile ndizi za nazi ni zangu. Zote zilikuwa zangu."

Akaenda. Nikasimama kwenye matete. Nilisikia anamwambia neno kwa neno, hata habari ya ndizi. Mzee akasema, "Niitie Mshenga."

Hapo nikajua jibu litakuwa lile lile. Nilikuwa na hamu ya kupasua ua ule niingie nimpigie magoti, lakini kuingia ndiyo kungekuwa kumdharau kweli. Nimefungwa na heshima yangu mwenyewe. Mshenga akaja, nikasikia kigoda kinavutwa. Mzee akamwuliza kwa sauti ya kukatika: yule mwanamke anasema ananiheshimu, wewe unaonaje?

Mshenga akajibu kwa upole. Naapa ilikuwa kwa upole, alikuwa anampenda. "Rafiki yangu, mimi nilikuambia nilichokiona. Maneno ya watu mbele ya mgonjwa ni matamu siku zote. Makalio hayana kabila. Lakini ukitaka kupumzika na maneno matamu, pumzika nayo."

Baba mkwe hakujibu. Au alijibu kidogo mno, sikusikia. Siku zilizofuata hakunena tena jambo hilo, wala hakuniita, wala chakula hakukila, hata kiwe cha nani. Akafariki Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini. Mpaka leo sijui alimwamini nani. Mama mkwe naye hakujua. Nilimwuliza mara nyingi mpaka nikaona namtesa.

Wanaume walipomtoa kwenda kumzika, wanawake tuliingia ndani. Nami nikaingia. Miaka yote ile sikuwa nimekanyaga sebule yake. Nikaona tarabushi imetundikwa msumarini, nikaona bao lake, nikaona mahali alipokuwa akikaa, ukuta umeng'aa kwa mgongo wake. Nikakaa mkekani katikati ya watu, nimenyoosha miguu, nimeegemea ukuta ule, uso wangu umeelekea mlangoni, kichwa wazi. Nikalia hivyo bila kujifunika.

Jioni Mshenga akafika mlangoni kutoa pole. Amezeeka siku ile, macho yamevimba, koti limetapakaa udongo wa kaburini. Aliwapa pole wanawake mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasimama, akanitazama kama kawaida yake, miguu, magoti, kiuno. Safari hii akapanda mpaka usoni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Pole, mwanangu. Leo umekaa vizuri. Leo umetupa uso. Kila siku nilijua moyoni, huyu ipo siku atatulia. Laiti marehemu angekuona."

"Angeniona," nikamwambia, "nisingekaa hivi. Nimekaa hivi kwa sababu amekufa."

Mama mkwe aliyekuwa karibu yangu akanishika goti. Mshenga alinikodolea macho, mdomo umeachana, na nikamwona anatafuta pale chini kwenye miguu yangu na haoni kitu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Swali hilo, mzee wangu," nikamwambia, "ungeniuliza Mbeya."